Swichi inayogoma asubuhi za baridi
Kaka wa Mafinga, kama swichi uliyounda ya taa za banda la kuku inagoma alfajiri na kupona jua likichomoza, usikimbilie kubadili rilei (ile swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya koili yake). Chomoa umeme kwanza (volti 230 hizo!), geuza bodi, tazama miguu ya rilei. Risasi ya kulehemu iliyoshika vizuri inang'aa na kuteremka kama kichuguu kidogo. Yako nadhani imekaa kama kidonge, na ina ufa mwembamba kuzunguka mguu. Baridi ikiikaza, inaachia. Pasha mguu na shaba ya bodi pamoja kwa pasi ya kulehemu, ndipo uguse risasi. Halafu, dayodi ya koili ya rilei (kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) umeweka? Mstari wake uelekee chanya, la sivyo transista inayowasha rilei itakufa tu.