Usiingie Nyari saa sita mchana, lala Malindi kwanza

Ifute hiyo ratiba, mkuu. Ifute leo, kabla hujamtumia huyo mtu wa gari hata senti ya advansi.

Umeandika kwamba mnatoka Mombasa saa kumi na moja alfajiri na gari la kukodi, wewe, shemeji yetu, watoto wawili na mama yako. Saa mbili mko kwenye magofu ya Gedi. Saa sita mchana mko Marafa kwenye lile korongo jekundu la Nyari. Saa kumi jioni mnapanda boti kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, na usiku mnarudi kulala Mombasa. Mwezi wa kumi na mbili, tena umechagua siku za mwezi mpevu. Ukauliza kama muda unatosha, hoteli gani nafuu, Watamu na Malindi wapi pazuri zaidi, na gari lako mwenyewe linavukaje mpaka wa Horohoro. Mimi nimeganda hapo kwenye saa sita mchana. Saa ile ile, mahali pale pale, ndipo mama yangu alipoanza kuniita kwa jina la mjomba aliyekufa zamani.

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi bado inavuma, mimi, mama na mwanangu wa miaka tisa. Tulitoka Tanga, tukalala Mombasa siku mbili kwa ndugu, nikataka mama aone Malindi maana tangu nikiwa mdogo alikuwa akiitaja. Nikakutana na mtu mmoja wa gari. Sitamtaja, na wala hana kampuni, ni yeye na gari lake. Akaniandikia ratiba kwenye simu. Ukiiweka kando ya hiyo yako unaweza kudhani mwandishi ni mmoja. Nikamuuliza, "Huko Marafa saa sita jua si kali?" Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Saa sita ndiyo picha zinatoka, jua liko juu, shimo lote linaangaza."

Uongo mtupu. Jua la utosini linazifuta zile rangi. Ukuta mzima unakuwa mweupe wa kuumiza macho, huoni tofauti ya waridi na chungwa. Rangi zinatoka jua likishalala, kuanzia saa kumi na nusu hivi mpaka linapozama saa kumi na mbili na kitu, hapo ndipo ule udongo unawaka kama makaa. Kila mwenyeji wa Marafa anajua hilo. Na yeye alijua, ameshapeleka watu mara ngapi! Lakini ukienda Nyari jioni huwezi kurudi Mombasa usiku ule bila taabu, kwa hiyo dereva itabidi alale Malindi, na yeye hakutaka kulala Malindi. Hesabu yote ilianzia hapo. Alipanga kuanzia saa anayotaka gari lake liwe nyumbani, akarudi nyuma kinyumenyume, korongo likaangukia saa sita. Mama yangu hakuwemo kwenye hesabu ile.

Sasa nikueleze pakoje, maana picha za mtandaoni zinapigwa kutoka juu na zinadanganya. Wazungu wanapaita Hell's Kitchen, Wagiriama wenyewe wanapaita Nyari, maana yake mahali palipomeguka penyewe. Ni mchanga mgumu ulioliwa na mvua na upepo miaka mingi, ukabaki nguzo na kuta zenye ncha, juu nyeupe, chini yake waridi, chungwa, mpaka nyekundu. Ukiwa ukingoni kuna upepo kidogo, unajisikia vizuri, unasema mbona si kitu. Kisha mnateremka. Njia ni nyembamba na yenye mteremko, na ukifika chini upepo haupo. Mti wa maana haupo. Jua linakupiga kutoka juu, ukuta unakupiga kutoka kando, mchanga unakupiga kutoka chini. Najua kuna mtu atakuja kuniambia watu wa Tanga tumezoea joto. Tumezoea, lakini joto la Tanga lina mwembe.

Tulifika saa sita na dakika chache. Pale kuna vijana wa kijiji wanaotembeza wageni, unalipa kiingilio kinachokwenda kwa jamii ya pale. Aliyetupata sisi alikuwa kijana mstaarabu sana. Alimtazama mama akasema, "Bibi abaki juu kivulini, au msubiri jioni." Dereva akadakia kutoka kwenye gari: "Hatuna jioni, tuna boti saa kumi." Na mimi, badala ya kumsikiliza mwenyeji, nikamsikiliza mwenye gari. Mama naye akasema hakusafiri kutoka Tanga kuja kukaa juu. Tukateremka na chupa moja ya maji ya lita moja kwa watu watatu. Nyingine tulikuwa tumezimaliza njiani, na dereva alisema maji yanauzwa mbele. Hapakuwa na mbele.

Chini kule kijana akatusimulia kisa cha pale. Hapo kale paliishi matajiri wa ng'ombe, mali iliwazidi mpaka wakawa wanaoga maziwa. Mungu akakasirika akawadidimiza na mji wao, na ndiyo maana weupe wa ukutani ni maziwa na wekundu ni damu yao. Mama akacheka, akauliza, "Maziwa ya kuoga walikuwa nayo. Ya kunywa yalibaki?" Sote tukacheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anaomba maji na hataki kumnyima mjukuu wake yale yaliyobaki.

Wakati wa kupanda akasimama mara ya kwanza, nikadhani anapumzika. Mara ya pili akakaa chini kwenye mchanga unaochoma. Nikamshika mkono, ngozi ilikuwa ya moto na kavu kabisa, jasho limekatika. Ndipo akaniita Athumani, akaniuliza kama ng'ombe wameshafungwa. Mjomba Athumani alifariki mimi nikiwa darasa la tatu. Mwanangu akaanza kulia. Yule kijana hakungoja niamue, alipiga mluzi, wakaja wenzake wawili mbio, tukambeba. Njia ya kushuka dakika kumi na tano tulipanda kwa zaidi ya nusu saa.

Juu, mama mmoja wa nyumba ya jirani akaleta ndoo ya maji na leso mbili. Wakamlaza kivulini, wakamlowesha kichwa mpaka miguu, wakawa wanampepea kwa zamu bila kuacha. Daktari aliniambia baadaye kwamba kile kitendo ndicho kilichomwokoa, kumlowesha na kumpepea palepale, kuliko kumkimbiza hospitali akiwa bado anachemka. Yule mama nilipotaka kumpa chochote alinikatalia, akasema, "Mgeni hanunui maji." Mungu amlipe.

Dereva alikuwa wapi? Kwenye gari, madirisha yamefungwa, kipoozeo kinavuma, amelala. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na boksi la barafu lenye chupa za maji. Zake. Nilipomwambia twende Malindi hospitali haraka alisema sawa, ila hiyo ni safari ya ziada, nje ya makubaliano. Nililipa. Mkono ulikuwa unatetemeka lakini nililipa, maana gari lilikuwa moja. Naandika haya miaka imepita na bado damu inanichemka.

Mama alilazwa usiku mbili, dripu juu ya dripu. Daktari akaniuliza kama anatumia dawa ya presha, nikasema ndiyo, tena ameimeza alfajiri ile kabla hatujatoka. Ilikuwa vile vidonge vya kukojoza. Akanieleza kwamba vinatoa maji mwilini, na mtu mzima mwenye kuvitumia akiingia kwenye joto kama lile bila maji anakauka haraka kuliko wewe na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa namnunulia vidonge hivyo kila mwezi, na sikuwa najua.

Hesabu ya pesa unaweza kuifanya mwenyewe: hospitali, chumba cha dharura mjini kwa mimi na mtoto, safari ya ziada ya dereva, tiketi za basi la kurudi Tanga zilizopita na siku yake, na boti ambayo ilikuwa imeshalipwa na haikurudisha kitu. Kulala Malindi usiku mmoja tangu mwanzo kungekuwa kipande kidogo tu cha hapo.

Na hiyo boti hata tungeifikia tungepata hasara. Sikiliza, maana na wewe umeingia humo humo. Umechagua mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii bamvua ina saa zake: maji yanapwa kama saa nne asubuhi, na kama saa kumi jioni yamejaa. Wewe saa kumi ndiyo unataka kuangalia matumbawe! Utakuwa unaelea juu ya maji mengi, na upepo wa kaskazi mchana unakaza, bahari inachafuka, watoto wanatapika. Wenye boti wa pale wanapenda maji yanapopwa, ndipo kioo cha chini kinaonyesha samaki vizuri. Kwa siku zako hizo maana yake ni asubuhi. Ingekuwa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, ingekuwa kinyume chake, jioni ndiyo kupwa. Usimuulize mtu wa gari habari za maji. Muulize mvuvi.

Kwa hiyo lala Malindi. Ukilala Malindi kila kitu kinakaa mahali pake. Tokeni Mombasa mkiwa mmeshakunywa chai, ni kama kilomita 120, msikimbizane na foleni ya Mtwapa. Ile saa sita ya jua kali iwakute Gedi, maana Gedi iko njiani, kama kilomita 16 kabla ya Malindi, na yale magofu yako ndani ya msitu. Misikiti, nyumba za mawe, visima, vyote vimefunikwa na miti mikubwa, mama yako atatembea kivulini polepole na kukaa anapotaka. Mji ule ulihamwa miaka ya 1600, na mwaka 2024 UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia. Wewe umeupa kipande cha asubuhi kama kituo cha kujisaidia, haustahili hivyo.

Halafu ingieni Malindi, kuleni, laleni kidogo. Saa tisa na nusu ondokeni na gari la mtu wa Malindi, si la Mombasa, ambaye nyumbani kwake ni pale na hana haraka ya kuvuka Kilifi kabla ya giza. Mnavuka daraja la mto Sabaki, mnaiacha barabara ya Lamu na kuingia bara, karibu saa nzima mko Marafa. Maji lita mbili kwa kila kichwa, kwenye mikono yenu, si kwenye ahadi ya mtu. Mama abaki ukingoni, mleteeni kiti hata cha kuazima. Ukingo ule jioni unatosha kabisa, mimi nilikuja kuuona mara ya pili nikiwa peke yangu, nikasimama pale naona aibu jinsi ulivyo mzuri. Msisogee sana kwenye kingo, udongo wake unameguka, jina lenyewe limewaambia. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo msishuke kabisa, njia inateleza.

Asubuhi yake saa tatu muwe kwenye hifadhi ya bahari, maji yanapwa, mnaangalia samaki wenu, mnakula, mnarudi Mombasa mchana bila kumwomba dereva ruhusa.

Hilo la Watamu: kama vuli imechelewa kuisha, maji mbele ya mji wa Malindi yanaweza kuwa ya kahawia kama chai ya maziwa, mto Sabaki unateremsha udongo wote wa bara pale. Watamu yanakuwa safi zaidi. Lakini lala popote kati ya hizo mbili, nataka tu usilale Mombasa siku ya Nyari.

Huyo mtu wa gari akikwambia kulala ni gharama, mwulize yeye analala wapi. Akikwambia picha za saa sita ni nzuri, kata simu.

Halafu umesema mama yako anakuja, hukusema ana miaka mingapi wala kama ana presha. Kavisome vidonge vyake leo, mpigie daktari wake umuulize habari ya joto na safari, kisha rudi hapa uniambie amesema nini.