Antivirusi iliyokataa kutoka kwenye mashine

Yaya, umesema antivirusi yako ya majaribio imeisha muda, na ukitaka kuiondoa inaandika kwamba programu bado inatumika. Usiifute kwa kutupa folda yake kwenye pipa. Nilifanya hivyo kwenye mashine ya mdogo wangu hapa Kadutu. Folda ilienda, huduma zake zikabaki, na kila asubuhi onyo jekundu.

Ule ujumbe kwamba programu bado inatumika unasema kweli. Ingekuwa programu ya kawaida, ungebonyeza Ctrl, Maj na Échap pamoja, lifunguke dirisha la programu zinazoendelea, uizime humo, halafu uiondoe. Antivirusi imeundwa ijilinde isizimwe na virusi, kwa hiyo hata wewe mwenye mashine inakukatalia. Ndiyo maana kampuni nyingi za antivirusi hutoa kifaa chao cha kuondolea, yaani programu ndogo ya kazi hiyo tu, bure. Kitafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe tu, maana zile kurasa zenye vitufe vikubwa vya kijani zitakuongezea mzigo mwingine. Mega za intaneti zikiwa chache, kipakue kwa jirani ukilete kwa flashi.

Kikigoma, shika Maj huku ukibonyeza Redémarrer, ingia Dépannage, kisha Options avancées, kisha Paramètres, washa upya, uchague 4. Huko Windows huwasha vya lazima tu. Kiendeshe hapo, si ile Désinstaller ya kawaida, kwani kisakinishi cha Windows mara nyingi hakifanyi kazi katika hali hiyo. Mambo yote haya, fanya umeme ukiwa umetulia.

Ukimaliza na kuwasha mashine upya kwa kawaida, Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, itajiwasha. Usinunue nyingine haraka.