Maswali na majibu: sola juu ya paa la gari la kulalia

Mbukwenyi wasomaji. Safari hii maswali karibu yote ni ya watu waliogeuza gari chumba cha kulala, wengine wanaita kempa, kuna anayeenda Mtera kuvua, kuna anayezunguka minadani kuuza nguo, na kuna familia inataka kulala siku mbili Kolo ikaone ile michoro ya miambani. Wote wanataka umeme wa jua. Nimejibu niliyoweza.

Kaka, nina Hiace nimetoa siti za nyuma nimeweka kitanda. Nataka friji ndogo, feni, taa, kuchaji simu na laptop. Ninunue paneli ya wati ngapi? (Kisasa, Dodoma)

Usianzie kwenye paneli ndugu yangu, anzia kwenye matumizi. Chukua karatasi. Friji ya gari ya kompresa, ile ya volti 12, ikizunguka inakula kama wati 45 hadi 60, haizunguki muda wote lakini kwa joto letu la Oktoba na Novemba, gari limeanikwa juani, itazunguka sana tu, weka wati-saa 500 kwa siku (wati-saa ni wati zidisha masaa ya kutumia). Feni ya wati 15 usiku masaa 8 ni 120. Taa za LED 50, laptop 60, simu mbili 30. Jumla 760.

Sasa ndo uje kwenye jua. Huku katikati ya nchi tunapata kama masaa 5 hadi 6 kwa siku ya jua kamili, yaani ukilikusanya la asubuhi mpaka jioni ukalihesabu kana kwamba lote lilikuwa la saa 6 mchana. Shika 5, alafu toa asilimia 30 inayoliwa na joto, vumbi na waya. Kila wati 1 ya paneli itakupa kama wati-saa 3 na nusu. Gawa 760 kwa 3.5 unapata 217. Kwahiyo wati 200 itakubana na 300 ndo utalala vizuri, mana Januari mawingu yakikaa siku mbili mfululizo friji haijui kama leo kuna mvua.

Na betri: 760 gawa kwa volti 12 ni kama ampea-saa (Ah) 63 kwa siku. Ya lithiamu (ile ya chuma na fosfeti) ya 100Ah inatosha siku moja na kitu. Ukichukua jeli au ya asidi usiitumie kupita nusu, kwahiyo tafuta ya 130Ah kwenda juu.

Fundi mmoja anasema tupige skrubu tu paneli moja kwa moja kwenye bati la paa, mwingine anasema gundi. Nimsikilize nani? (Nzuguni)

Swali hili ningeomba kila mtu alisome hata kama gari lake halina sola.

Paneli yangu ya kwanza niliipiga skrubu za kuezekea. Ilikaza, nikaitikisa kwa mikono miwili haikucheza, nikaridhika. Tukiwa kati ya Bahi na Manyoni lori la mizigo likatupita kwa spidi, upepo wake ukaingia chini ya ukingo wa mbele, paneli ikang'oka yote na skrubu zake ikaangukia kando ya lami. Nyuma yetu alikuwa anakuja bodaboda amebeba mama na mtoto mgongoni. Haikumpata. Ningekuwa nimepunguza mwendo kidogo tu labda ingempata, na mpaka leo nikiona paneli juu ya gari naangalia kwanza imeshikwa na nini.

Sababu ni rahisi. Bati la paa la gari halifiki unene wa milimita 1, skrubu haina cha kung'ata pale, na ukipita rafu rodi mtikisiko unaitanua tundu kidogo kidogo bila wewe kujua. Wakati huo huo upepo wa kilomita 100 kwa saa ukikutana uso kwa uso na kitu cha mita mraba 1 unakisukuma kwa nguvu ya kilo 40 na zaidi. Hapo sijaweka upepo wa lori.

Ninachopenda mimi ni keria. Kama Hiace yako ni ya zamani yenye mfereji pembeni mwa paa, fundi wa kuchomelea akutengenezee keria inayoshika kwenye mfereji kwa miguu minne au sita, alafu paneli ifungwe kwenye keria kwa bolti za chuma kisichoshika kutu na nati zenye nailoni ndani, zile hazilegei kwa kutikisika. Hutoboi paa, mvua haiingii. Kama gari halina mfereji basi toboa, lakini bolti ipite mpaka ndani na chini yake ukae ubao wa chuma au aluminiamu unaotandaza mzigo, juu raba na silanti ya kutosha, na kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya yote.

Gundi sio uongo. Ile ya poliuretani ya kubandikia vioo vya magari inashika kweli, ila bati lazima lisuguliwe na kusafishwa mafuta yote, na kuna jambo wengi hawalijui: inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Dodoma mwezi wa nane ni kavu mno, kwahiyo ipe siku 2 au 3 gari limesimama. Hata hivo mimi ningeongeza bolti mbili mbele.

Acha nafasi ya sentimita 3 hadi 5 chini ya paneli ili hewa ipite. Paneli inapimwa kiwandani ikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi moja inayozidi inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4, juu ya paa mchana inafika 60 kirahisi. Ndo mana zile nyembamba za kujikunja zinazobandikwa bila nafasi sizipendi, ni nyepesi kweli ila zinajipika.

Nina paneli ya nyumbani ya wati 410 haina kazi. Naweza kuipandisha kwenye gari? (Singida mjini)

Unaweza mdogo wangu, pima paa kwanza, hizo zina kama mita 1.72 kwa 1.13 na kilo 21. Ilaze kwa urefu wa gari. Shida iko kwenye chaji kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachoongoza chaji. Paneli hiyo inafanya kazi kwenye volti kama 31, ukiiwekea kontrola ya bei rahisi ya PWM inaivuta mpaka volti ya betri, kama 13, na ampea zinabaki zile zile 13, zidisha utaona unapata wati 170 hivi kati ya 410. Nunua ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Na kwenye kuunga, anza na betri kwenye kontrola, paneli ifuate, kwenye kufungua anza na paneli.

Shikamoo. Paneli niilaze au niiinamishe kuelekea kaskazini kama za kwenye nyumba? (Kondoa)

Marahaba. Ilaze tu. Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la mchana linakuwa utosini kabisa. Juni ndo linaenda mbali, kama nyuzi 30 kaskazini, na hapo mchana unapoteza asilimia 13 tu. Kitakachokuumiza ni kivuli, tawi la mbuyu likifunika kona moja ya paneli unaweza kupoteza theluthi au zaidi. Ukitaka wewe ulale kivulini na paneli ikae juani, beba ya pili ya kuweka chini yenye waya wa mita 10.

Betri ya gari, N70, si inatosha? (Manyoni)

Ya kuwashia gari hapana. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa moto mkubwa sekunde chache, ukiimaliza usiku mara kadhaa imekufa, na asubuhi gari haliwaki uko porini. Weka ya pili ya peke yake. Kama ni ya asidi ya kuongeza maji isikae unapolala, inatoa gesi ya haidrojeni wakati wa chaji. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio mwisho wa waya. Na waya wa paneli uwe milimita mraba 6, kwa mita 5 na ampea 10 unapoteza volti 0.3, ukitumia ule wa 1.5 unapoteza zaidi ya volti 1.

Naweza kupikia na kupasi kwa inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani? (mama, Kongwa)

Mama yangu, birika la wati 1,500 linavuta ampea 125 kwenye volti 12, nyaya zitachemka kabla ya chai. Pikia gesi ukiwa nje ya gari. Na naomba sana, baridi ya Julai isikufanye uingize jiko la mkaa ndani ukafunga milango, moshi wake usioonekana unaua watu usingizini.

Vumbi je? (Mpwapwa)

Futa kila baada ya siku chache, asubuhi paneli ikiwa ya baridi, maji kwanza alafu kitambaa laini. Ukikipitisha kikavu yale mavumbi mekundu yanakwaruza kioo, na ukiimwagia maji ya baridi saa 8 mchana kioo kinaweza kupasuka.