Kudai Pesa za Chama Bila Kukosana

Ukitaka kujua isimu, yaani elimu ya lugha, ina faida gani maishani, kubali kuwa mweka hazina wa chama. Chetu ni cha akina mama wa Manyatta, hapa Kisumu: wauza samaki, washonaji, mwalimu mmoja, na mimi niliyesoma lugha chuoni nikaishia kuuza vitenge. Tunachanga, tunakopeshana, na kila mwezi hakukosi mtu wa kudaiwa. Kumdai ni kazi yangu. Mambo niliyoyakariri zamani ili nipite mtihani ndiyo yanayoniwezesha leo kuketi na watu walewale Jumapili inayofuata bila mtu kuninunia.

Nianze na kusikiliza, maana anayedai vibaya mara nyingi ni yule asiyesikia alichojibiwa. Mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice alitoa mihadhara Chuo Kikuu cha Harvard, na ule wa mantiki na mazungumzo ukachapishwa 1975. Alisema watu wakizungumza huwa wanashirikiana, na kila mmoja humtarajia mwenzake aseme ya kutosha bila kuzidisha, aseme kweli, asitoke nje ya mada, tena aeleweke. Wengi wakifika hapo hudhani Grice anatoa amri za adabu. Sivyo. Kilichomvutia ni mtu anapozivunja kanuni hizo waziwazi. Msikilizaji hasemi mwenzake amechanganyikiwa, bali hutafuta alichotaka kudokeza. Grice alitoa mfano wa mwalimu anayeombwa barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake kwa kazi ya falsafa, naye akaandika tu kwamba kijana anajua Kiingereza vizuri na huhudhuria vipindi. Kazi imeshampita kijana. Kwetu, muulize jirani kuhusu fundi wa paa akujibu, "Huyo? Ni mtu wa maombi sana." Tafuta fundi mwingine.

Sasa ilete kwenye deni. Unauliza, "Ile pesa itapatikana Ijumaa?" Unajibiwa, "Hata mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo." Umejibiwa. Ukirudia swali unamlazimisha atamke kile alichokwepa kutamka, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mimi hujibu lile lililodokezwa: "Pole sana. Basi tuangalie mwezi ujao?"

Kanuni za Grice hazikukubaliwa na kila mtu. Mwaka 1976 mtafiti Elinor Ochs Keenan aliandika kuhusu Madagaska, ambako mtu akiulizwa mama yake yuko wapi anaweza kujibu kwamba yuko nyumbani au yuko sokoni. Kwa hesabu ya Grice ungedhani mwenye kujibu hajui. Kule hawadhani hivyo, kwa sababu habari mpya ni mali na haigawiwi ovyo, na tena mtu huogopa kulaumiwa kwa kusema habari za mwingine. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. "Niko kwa njia" ya Kisumu huweza kumaanisha mtu amepita Kondele juu ya boda, au bado anatafuta viatu chini ya kitanda. Mdaiwa akikuambia yuko kwa njia usimwite mwongo. Badilisha swali. Badala ya "Umefika wapi?" uliza, "Nikungoje au nifunge daftari?" Hilo analiweza.

Waliochimba zaidi ni wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, waliotoa nadharia yao ya upole mwaka 1978 na kuirudia kama kitabu 1987, wakilinganisha Kiingereza, Kitamil cha India na Kitzeltal cha Meksiko. Wanasema kila mtu ana uso wa kulinda, nao una pande mbili: anataka kupendwa na kuhesabiwa mmoja wetu, na anataka kuachwa na uhuru wake asisukumwesukumwe. Kudai hugonga pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Uzito wa pigo hutegemea mambo matatu: mmezoeana kiasi gani, nani ana mamlaka juu ya mwenzake, na jambo lenyewe ni kubwa kiasi gani kwa watu wa mahali hapo.

Hapo ndipo washauri wengi wa adabu hupotea, kwa sababu wao huhimiza upole mwingi kila mahali. Jirani tunayeombana chumvi ana shilingi 200 zangu. Namwambia, "Nyar Seme, leta pesa yangu bwana," naye ananicheka na kufungua pochi. Kumwita kwa jina la kwao, binti wa Seme kwa Kijaluo, ni kumwambia sisi ni wamoja, na maneno makavu yanapita. Jaribu kumwambia "Samahani sana, kama hutajali, naomba tafadhali..." Atauliza amekukosea nini! Upole uliozidi uzito wa jambo humsukuma mtu mbali, na rafiki husikia hivyo mara moja.

Kinyume chake ni shilingi 20,000 alizokopa mama wa umri wa mama mkwe wangu. Hapo siendi peke yangu wala sipigi simu. Tunaenda na katibu, tunakaribishwa, tunauliza hali ya nyumbani, ya mguu wake, ya mahindi. Chai inaletwa. Ndipo nasema, "Mama, hesabu za chama zinafungwa mwisho wa mwezi, nikaona nipite nikusalimie kabla." Neno deni halijatajwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye huanza: "Hata mimi nilikuwa nafikiria ile pesa yenu." Brown na Levinson wangesema nimetumia fumbo, nikamwachia nafasi ya kulidaka au kulipita. Akilipita, tunamaliza chai na kurudi siku nyingine. Ndiyo, inachosha. Nauli ya mwendo huo huilipa chama, na nilisisitiza hivyo.

Kuna jambo ambalo Wazungu hao wawili hawakulipata vizuri, na Mnigeria Onuigbo Nwoye aliligusa mwaka 1992. Akieleza Waigbo, alisema kuna uso wa kikundi pia, na kwamba kumwomba mwenzako kitu si lazima kuonekane ni kumsumbua, kwani kusaidiana ndiyo kawaida. Chama kinaishi hapo hapo. Kwa hiyo sisemi "nakudai." Mimi husema "tumekwama," "mzunguko umemfikia fulani na mfuko haujatosha." Mdaiwa hajibizani nami, anawaona wenzake.

Lakini kikundi kina makali yake, hasa siku hizi kundi likiwa la WhatsApp. Mwenyekiti wetu anaamini kuandika orodha ya wadaiwa kundini ndiyo dawa. Inafanya kazi, mara moja. Mtu analipa kwa aibu, kisha anaondoka chamani na dada yake. Kampuni za mikopo ya simu zilikuwa zikiwapigia marafiki na jamaa wa mkopaji ili kumwaibisha, mpaka kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zikakataza wakopeshaji wa kidijitali kufanya hivyo. Kanuni hizo si za vyama kama chetu, lakini waliozitunga walielewa kwamba hadhira huongeza uzito wa maneno yaleyale. Kundini mimi huandika jumla tu: "Bado 12,000 haijaingia." Wahusika wanajijua. Majina ni ya simu ya faragha, na ya sauti, kwa sababu "pole" iliyoandikwa haina mtu ndani yake.

Kwenye simu hiyo humtegemea Robin Lakoff, mwanaisimu Mmarekani aliyeandika mwaka 1973 kwamba upole una kanuni tatu: usijilazimishe kwa mtu, mwachie nafasi ya kuchagua, mfanye ajisikie vizuri. Ya pili ndiyo mkate wangu. "Utaleta nusu Ijumaa na nusu tarehe 5, au yote tarehe 5?" Njia zote mbili ni za kulipa. Mwalimu wetu huniambia huo ni ujanja, nami sibishani naye.

Na ukavu una siku yake. Mwanachama amelazwa na hospitali inataka pesa usiku huu: "Tumeni sasa hivi." Hakuna anayeudhika, hata wale wazee. Brown na Levinson wenyewe wanasema dharura hufuta hitaji la kuzunguka. Yuko pia yule anayeyageuza mafumbo yako kuwa uchochoro wa kutorokea, akijibu kila dokezo kwa dokezo mwaka mzima. Huyo namwita mbele ya mwenyekiti na katibu, namtajia kiasi na tarehe, na maneno yanaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano akiyasikia.

Pesa ikiingia, hapo ndipo jina hutajwa kundini kwa herufi zote, pamoja na asante. Fanya hivyo dakika ileile ujumbe wa M-Pesa unapofika, usingoje jioni: wenzake wengine bado wanadhani hajalipa.