Kabla ya Kulipia Kiwanja cha Ziwani, Uliza Maji ya 1964

Juzi msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia. Amepata kiwanja karibu na mwalo wa Masese, bei nafuu, na dalali anamhakikishia kuwa ziwa limerudi nyuma, halipandi tena. Ndugu yangu, maneno hayo niliambiwa mimi mwaka 2006.

Mwaka huo Ziwa Victoria lilishuka hadi kama mita 10.4 kwenye kipimo cha Jinja. Ukame ulikuwa mkali, na mabwawa ya hapo Jinja yalikuwa yametoa maji kupita kiwango kilichokubaliwa. Umeme ukawa wa mgawo. Mitumbwi ilikwama kwenye matope, na palipokuwa maji watu wakapanda mahindi, wengine wakachimba misingi. Shemeji zangu walinunua huko. Mimi nilikataa, kwa sababu mvuvi mmoja mzee alinipeleka hadi mahali maji yalipofika mwaka 1964, na palikuwa mbali sana na ufuko wa siku ile. Nikanunua mlimani, kwa bei iliyonikausha mfuko. Niliitwa mwoga mbele ya wakwe. Hadi leo linaniuma.

Zikaja mvua za mwisho wa 2019. Mei 2020 kipimo kikasoma mita 13.42, kupita kidogo rekodi ya 1964, na mita 3 juu ya ile ya 2006. Shemeji zangu walihamia kwangu na magodoro yao. Niliwapokea wote, na nyumba ile niliyochekwa kwa ajili yake ndiyo iliyowafunika.

Ziwa hili hujazwa zaidi na mvua inayolinyeshea lenyewe. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile. Maji mengine huchukuliwa na jua. Likijaa, halishuki kwa msimu mmoja. Baada ya 1964 lilikaa juu miaka mingi. Kwa hiyo acheni kupima ardhi kwa macho ya kiangazi! Mito nayo ni hivyo hivyo: Nyamwamba kule Kasese ulibomoa mwaka 2013, ukarudi 2020.

Waulize wazee, si dalali. Kanuni za Uganda zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, basi pima mwenyewe kwa kamba, kisha waulize wazee tena. Nenda ukakione kiwanja mwezi Mei, masika yakiisha, maana ndipo ziwa huwa juu. Dalali akikataa kukusubiri hadi Mei, usimpe hata shilingi ya kushikia.