Vyeti unavyo, tafakari bado inatakiwa

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kujaza ile sehemu ya tafakari, yaani maelezo ya ulichojifunza, kwenye kumbukumbu yako ya mafunzo ya kazini, wakati vyeti vya mafunzo tayari unavyo. Kwa muuguzi wa meno aliyesajiliwa na GDC, baraza linalosimamia wataalamu wa meno hapa Uingereza, ndiyo, inatakiwa. Tangu 2018 saa za mafunzo peke yake hazitoshi. Unahitaji saa 50 zenye uthibitisho ndani ya miaka 5, zisipungue 10 katika kila miaka 2 inayofuatana, pamoja na mpango wako binafsi wa kujiendeleza na kumbukumbu ya ulichojifunza. Mwaka wako wa mafunzo unaanza tarehe 1 Agosti, si Januari kama wa madaktari wa meno. Wengi hujichanganya hapo.

Tafakari yenyewe si insha. "Nimejifunza mengi" halimsaidii mtu. Andika kitu kimoja kilichobadilika kazini. Mfano, baada ya somo la usafishaji wa vifaa: "Zamani vifaa vilikaa vikavu vikisubiri kusuguliwa, sasa navilowesha mara mgonjwa akitoka, maana damu ikikauka hung'ang'ania." Mistari mitatu inatosha, ila iandike siku hiyohiyo. Ukingoja Julai utatunga hadithi, na itasomeka kama hadithi. Jina la mgonjwa usilitaje kabisa.

Dharura za kitabibu zipangie angalau saa 2 kila mwaka, ndivyo baraza linavyoshauri. Mwajiri akigoma kulipia, zipo kozi za bure mtandaoni, mradi cheti kionyeshe saa, tarehe, malengo, namba yako ya usajili na nani amehakiki ubora wake.