Jitu kipofu lenye mtu mabegani: najibu maswali yenu

Tangu niutaje mchoro wa Nicolas Poussin wa mwaka 1658, ule wa Orion kipofu akilitafuta jua linalochomoza, mmeniuliza mengi.

Huyo aliyebebwa mabegani ni mtoto wake?

La. Ni Cedalion, mtumishi wa Hephaestus, mungu wa wahunzi. Katika hadithi za Wagiriki, Orion alikuwa mwindaji wa umbo la jitu. Alimvamia binti wa mfalme Oenopion katika kisiwa cha Chios, na mfalme akampofua. Orion akaambiwa aelekee mawio, miale ya jua itamrudishia macho. Tazama mikono yake: mmoja umeshika upinde, mwingine umenyooshwa mbele, unapapasa hewa. Mwili wote ule wenye nguvu unamtegemea mtu mdogo anayeona. Mimi hapo ndipo huganda kila nikiutazama.

Yule mwanamke mawinguni je?

Ni Diana, mungu wa uwindaji. Ametulia, anatazama tu.

Kama ni hadithi, kwa nini waiite picha ya mandhari?

Kwa sababu miti, njia na anga ndivyo vilivyojaa turubai, na vyenyewe vinasimulia. Angalia wingu jeusi lililopita usoni pa Orion: upofu wake umechorwa kama hali ya hewa! Natale Conti, mwandishi wa Italia wa karne ya 16, aliifafanua hadithi hii kuwa ni ya wingu la mvua, litokanalo na maji, hewa na jua. Ukilijua hilo, hutaliona tena lile wingu kama pambo.

Ni kweli Poussin aliuchora huku mikono yake ikitetemeka?

Kweli. Poussin, Mfaransa aliyeishi sana Roma, alizaliwa 1594. Mchoro huu aliufanya akiwa na miaka zaidi ya sitini, mikono imeshaanza kumsumbua. Alifariki 1665.

Orion huyu ndiye nyota za Jabari?

Ndiye. Jina la Jabari tumelipokea kutoka kwa Waarabu, walioziita hizo nyota "jitu". Zitafute usiku wa Januari: tatu zilizojipanga mstari mmoja ndizo mkanda wake.

Mchoro wenyewe naweza kuuona wapi?

Uko Metropolitan Museum of Art, New York. Una upana wa karibu sentimita 183, kwa hiyo ukisimama karibu, miti inakuzunguka pande zote.